Mkerezaji Aitwaye Sikio

Jina lake la kwenye kitambulisho tulikuwa tunaliona mara moja kwa mwaka, msimamizi alipobandika orodha ya likizo ukutani, na hata hapo wengine walikuwa wanauliza, "Huyu ni nani tena?" Kwetu sote alikuwa Sikio. Mimi nilikuwa mtunza stoo wa karakana ile. Nilikaa nyuma ya kidirisha cha nondo nikigawa visu vya kukerezea, vipimo na glovu, kwa hiyo mengi ninayoyasimulia hapa niliyaona kwa macho yangu. Mengine alinieleza mwenyewe, ameegemea kidirisha changu na kikombe cha chai mkononi.

Aliingia karakana akiwa mfagiaji. Kazi yake ilikuwa kuzoa maranda ya chuma chini ya mashine za kukereza, yale yanayotoka yamejikunja kama nywele, na kuyapeleka kwenye pipa la nyuma. Alifagia miaka mitatu, na katika miaka hiyo masikio yake yakasoma shule ambayo wengine hatukujua kama ipo. Mashine ya kukereza huzungusha chuma kwa kasi, na kisu hukigusa chuma hicho kikaking'oa ngozi kidogo kidogo hadi kifikie unene unaotakiwa. Kisu kikiwa kikali, sauti yake ni kama kitambaa kinachochanwa taratibu. Kikianza kuchoka, sauti hupanda kidogo tu, kama mtu aliyeanza kukereka lakini hajasema kitu.

Siku moja, fagio mkononi, alimwambia fundi mmoja mwenye majivuno, "Kaka, kisu chako kinakufa." Fundi akamwambia afagie. Hakuwa hata amemaliza kumpa mgongo, ncha ya kisu ikakatika, kipande kikaruka kikapasua taa. Fundi mkuu wa wakati ule, mzee ambaye sasa amestaafu, akamnyang'anya fagio, akampa ovaroli iliyomzidi kwa mikono na miguu, akamsimamisha kwenye mashine. Jina likamganda tangu siku hiyo. Ikafika wakati mtu akiwa upande wa pili wa karakana anaona Sikio ameinua kichwa, naye anasimamisha mashine yake kabla hajaambiwa.

Alikereza kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mcheshi wa maneno machache, na alikuwa na tabia ya kuifuta mashine yake kila jioni kama mtu anayemwogesha mtoto.

Nyumbani aliishi na mumewe katika vyumba viwili na jiko, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu. Watoto wao wawili walikwisha kuwa watu wazima na maisha yao mbali. Mume alikuwa mwalimu wa hesabu, na ingawa alistaafu, kila mtu mtaani aliendelea kumwita Mwalimu, hata mkewe. Tangu astaafu alikuwa amejitwalia jiko. Alipika kwa saa ya ukutani na kikombe cha kupimia, na Sikio alikuwa akisema chakula chake hakina kosa wala hakina mshangao.

Kitu cha kwanza kumkimbia Sikio kilikuwa birika. Lilikuwa birika la kupiga filimbi maji yakichemka. Jumapili moja Mwalimu aliingia jikoni akakuta mvuke umejaa hadi dirishani, na mkewe amesimama palepale akikata vitunguu, ametulia tuli. Akazima jiko, akasema, "Filimbi ya hili birika imeharibika." Sikio akasema wanunue jingine. Mambo yakaishia hapo.

Kisha ikawa simu. Kisha ikawa herufi. Alinieleza kwamba maneno hayakupotea yote kwa pamoja, yalianza kumong'onyoka pembeni. S na sh zilikwenda kwanza, kwa hiyo "kesho" ilifika kwake kama "keo," na ilimbidi aimalizie mwenyewe kichwani. Miaka yote ile ya kusimama kando ya chuma kinacholia, bila kitu cha kuziba masikio, ilikuwa imeanza kudai chake. Wakati ule hakuna aliyevaa vizibo. Tulidhani ni mambo ya waoga.

Akaanza kujificha. Watu wakicheka, alicheka. Akiulizwa jambo ambalo hakulishika, alisema "Ndiyo, ndiyo," kisha akasoma uso wa mtu kuona kama jibu limekaa sawa. Kwenye mashine yake ya zamani hakupata tabu, maana aliijua kama nyumba yake mwenyewe gizani. Alitazama rangi ya maranda, alinusa maji ya kupoozea, alihisi mpini mkononi. Hakuna aliyeshuku chochote. Na angemwambia nani? Mtu anayeitwa Sikio anaanzia wapi kusema kwamba sikio limekwenda?

Ndipo ikaja mashine mpya.

Ilishushwa kwa winchi siku nzima na ikabidi wabomoe sehemu ya ukuta ili ipite. Ilikuwa kubwa kama chumba, nyeupe, imefungwa pande zote, na mlango wa kioo kizito. Mashine zetu za zamani zilikuwa wazi, unamwona fundi na kazi yake. Hii ilifanya kazi ndani kwa ndani, kompyuta ikiiongoza, na ukiwa nje uliona tu maji meupe yakipiga kioo na kitu kinazunguka.

Pamoja nayo alikuja Injinia, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya chini kama ya mtu aliye maktaba. Yeye ndiye aliyeandika programu za mashine hiyo. Siku ya kwanza alitukusanya akatueleza, na nakumbuka vizuri kwa sababu nilimwona Sikio amesogea hadi mbele kabisa.

"Mmezoea kisu kifungwe kwa pembe moja," alisema Injinia, "na kikate kutoka mwisho wa chuma kwenda kwenye taya zilizokishika. Ukitaka pembe nyingine unafunga kisu kingine. Hapa kisu kimoja kinafanya kazi ya vinne. Kichwa kinachokishika kinageuka, hata katikati ya kukata. Na tunaanzia kwenye taya, tunakata kwenda nje."

"Kinyumenyume," alisema fundi mmoja.

"Kinyumenyume," alikubali Injinia. "Kisu kikilala, maranda yanatoka membamba na unaweza kukiendesha mara mbili au tatu ya mwendo mliouzoea. Kikisimama, kinakata taratibu zaidi."

Mafundi walinung'unika. Mtu aliyekereza kwenda kushoto maisha yake yote hapendi kuambiwa aende kulia. Lakini Sikio alikuwa anatabasamu. Baadaye alikuja dirishani kwangu akaniambia, "Stoo, umeona kile kichwa kinavyogeuka? Kama kiwiko cha mkono. Tangu nianze kazi hii nimekuwa nikitamani kisu chenye kiwiko." Niliposikia hivyo sikushangaa msimamizi alipomchagua yeye kuwa mwendeshaji wa kwanza.

Hakuniambia wakati ule kwamba alikuwa na hofu. Mlango wa kioo ulikuwa umeifungia ndani hata ile sauti kidogo aliyokuwa bado akiisikia. Na Injinia, mtu mpole wa watu, alikuwa na desturi ya kufundisha akiwa ameelekea kwenye skrini. Midomo yake haikuonekana. Sikio alikuwa akipata neno moja kati ya matatu, anasema "Ndiyo, ndiyo," kisha jioni anakwenda na kitabu cha mashine nyumbani na Mwalimu anamsaidia kusoma michoro. Kwa njia hiyo aliweza kwenda wiki tano bila kosa.

Wiki ya sita ikaja kazi ya shafti kumi na mbili za pampu za maji. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita moja na robo, na unene ambao mtu mzima angeweza kuuzungushia kidole gumba na cha shahada vikagusana. Chuma kirefu na chembamba ni mtihani kwa mkerezaji yeyote. Kinashikwa na taya upande mmoja na kuegemezwa kwenye ncha upande wa pili, lakini katikati hakina wa kukishika. Kisu kikikisukuma, kinapinda kama kamba ya kuanikia nguo, kinarudi, kinapinda tena, na hapo mtetemo unaanza. Mtetemo ukishaanza unaacha mikunjo juu ya chuma, na chuma chenye mikunjo hakiendi popote ila kwenye pipa.

Injinia alijua hatari hiyo. Siku ile alisimama kwenye skrini, mgongo kwa Sikio, akasema, "Mama, kikifika katikati, rudisha mwendo hadi sitini."

Kulikuwa na swichi ya kuzungusha iliyopunguza au kuongeza mwendo wa kisu, yenye namba kuanzia sifuri, mia ikiwa mwendo kamili. Sikio akaitikia, "Ndiyo." Kisu kilipofika katikati, akazungusha swichi hadi tisini.

Mimi nilikuwa nahesabu glovu. Nilisikia mlio ambao sijawahi kuusikia kabla wala baada ya hapo, mwembamba, mkali, kama chuma kinaomba msaada. Kila mtu karakana nzima aligeuka. Fundi wa kuchomelea aliyekuwa nje kabisa aliingia mbio, barakoa bado usoni. Na Sikio alikuwa amesimama palepale mbele ya kioo, nusu mita kutoka kwenye ule mlio, mikono nyuma, uso umetulia, anatazama ndani kwa utulivu wa mtu anayesubiri chai ichemke.

Injinia ndiye aliyepiga kitufe chekundu. Mashine ikazimika. Sikio akageuka akatukuta wote tunamtazama, na nadhani alielewa kila kitu kutoka kwenye nyuso zetu, maana kusoma nyuso alikwisha kuwa bingwa.

Shafti ilikuwa na mikunjo kama ya maji ya bwawa penye upepo. Ncha ya kisu ilikuwa imesagika.

"Nilisema sitini, mama," alisema Injinia, na mara hii alikuwa ameelekea kwake.

"Nilisikia tisini," alisema Sikio.

Hakukuwa na mtu wa kumcheka, na labda kama angalau mmoja wetu angecheka ingekuwa afadhali kwake. Alifuta mashine, akachukua mkoba wake, akapita mbele ya kidirisha changu bila kuniaga. Ilikuwa saa tisa alasiri.

Mwalimu alimkuta ameketi mezani na ovaroli yake. Kwa kawaida alikuwa akiivua mlangoni.

"Leo nimeharibu chuma," alisema.

"Umeumia?"

"Sijaumia."

Mwalimu akavuta kiti. Sikio akaokota makombo ya mkate juu ya meza akayarundika, kisha akasema, "Mwalimu, sisikii vizuri."

"Najua," alisema Mwalimu.

"Unajua nini?"

"Najua kwamba husikii vizuri. Kama miaka miwili hivi."

"Nani kakwambia?"

"Uliacha kunipiga viwiko," alisema. "Tangu tuoane ukisikia nakoroma unanipiga kiwiko. Halafu ghafla ukaacha. Kwanza nilidhani nimepona. Nikaacha simu inirekodi usiku mmoja. Nakoroma kama trekta lililokwama."

Sikio alimtazama. "Na birika?"

"Birika ni zima kabisa."

Aliniambia kwamba hapo kicheko kilimtoka kabla hajajua, na nyuma ya kicheko yakaja machozi, na nyuma ya machozi ikaja hasira, vyote kwa mfuatano huo. Alimuuliza mumewe kwa nini alinyamaza miaka miwili mizima.

"Ulikuwa unajitahidi sana kunificha," alisema Mwalimu. "Nikaona nikikwambia nimekujua, nitakuwa nimekunyang'anya kitu. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe."

Ndipo mambo yakaanza kujipanga kichwani mwake. Alikumbuka kwamba Mwalimu alikuwa amehamisha kiti chake cha mezani kutoka kulia kwenda kushoto, upande wa sikio lililo nafuu, akidai jua linamwumiza macho. Alikumbuka kwamba siku hizi hakuwa akimwita kutoka chumba kingine, alikuwa anakuja hadi mlangoni. Na kwamba alikuwa na mtindo mpya wa kumtazama usoni kila alipozungumza.

"Kumbe ndiyo maana unanitazama hivyo," alisema. "Na mimi nilikuwa najidanganya kwamba mapenzi yamerudi upya uzeeni."

"Hilo nalo limo," alisema Mwalimu.

Akampokonya yale makombo ya mkate, akaenda kupasha chakula. Walipomaliza kula walichukua kalamu na bahasha ya zamani, na Sikio akamchorea jinsi shafti inavyoshikwa na jinsi ilivyopinda. Mwalimu hakujua lolote kuhusu kukereza, lakini aliuliza maswali kama alivyokuwa akiwauliza wanafunzi: nguvu inatoka wapi, inakwenda wapi, na kama ungeweza kuielekeza kwingine ungeielekeza wapi. Sikio akachora mshale ukielekea ubavuni mwa shafti. Kisha akachora mwingine, ukienda kwa urefu wa shafti hadi kwenye ile ncha inayoiegemeza. Akauangalia mshale huo wa pili kwa muda mrefu.

Asubuhi iliyofuata mimi ndiye niliyefungua karakana, na nilimkuta amekwisha kufika, amekaa kwenye ngazi. Injinia alikuja dakika chache baadaye. Macho yake yalikuwa mekundu, na mkononi alikuwa na karatasi ambazo dhahiri alikuwa amezishughulikia kwa muda mrefu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, nina la kukwambia, na naomba uniangalie nikiwa nasema, halafu nikuangalie ukinijibu. Masikio yangu yameisha. Nimekuficha wiki sita. Kosa la jana ni langu."

Injinia alizikunja zile karatasi. "Na mimi nina langu," alisema. "Nilikuwa nakupa mgongo kwa sababu nakuogopa. Sijawahi kukereza kwa mkono hata siku moja. Nimesoma tu. Kila nilipokuangalia nilikuwa naona unajua kwamba mimi sijui."

"Sikujua," alisema Sikio. "Nilikuwa nahangaika kujua unachosema."

Mimi nilikuwa nyuma yao na funguo, nikijifanya natafuta ile ya stoo.

Walifungua mashine wakaweka chuma cha majaribio, nondo iliyokataliwa, urefu na unene uleule. Sikio akamwonyesha Injinia ile bahasha yenye mishale. Akamweleza kwamba kwenye mashine ya zamani, akipewa chuma chembamba, alikuwa anasimamisha kisu wima kabisa, ili kikisukume chuma kwa urefu na si ubavuni. Kilichelewa, lakini chuma hakikupinda. Injinia akamjibu, uso kwa uso, kwamba programu yake ilikuwa imekilaza kisu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kitabu kilisema kisu kikilala ndipo unapata mwendo.

"Karibu na taya chuma kina nguvu," alisema Sikio. "Pale kilaze, ukimbie unavyotaka. Kule mwisho kwenye ncha, vilevile. Tabu iko katikati tu."

"Na kisu kina kiwiko," alisema Injinia taratibu.

"Kina kiwiko. Basi kisimame kikifika katikati, halafu kilale tena kikitoka."

Lililobaki ni kujua hiyo katikati inaanzia sentimita ya ngapi hasa. Kompyuta haikujua. Sikio akavua glovu ya mkono wa kulia, akaweka kiganja kwenye ubavu wa mashine, nje, chini kidogo ya kioo, akafumba macho. Injinia akaanzisha kazi kwa mwendo mdogo. Kisu kikatoka kwenye taya kikaanza kusafiri. Mimi nilikuwa nimesimama mita mbili kutoka pale, masikio yangu mazima, na sikusikia kitu kisicho cha kawaida.

"Hapa," alisema Sikio.

Injinia akaandika namba iliyokuwa kwenye skrini. Kisu kikaendelea.

"Na hapa imetulia."

Walisimamisha mashine, wakafungua, Injinia akapitisha ukucha juu ya chuma. Pale aliposema Sikio kulikuwa na mkwaruzo mwembamba ambao hata macho yalikuwa yanaupita. Mtetemo ulikuwa umezaliwa pale, na kiganja kilikuwa kimeukamata kabla haujapata sauti. Injinia aliinua kichwa akaweka kiganja chake kando ya cha Sikio, akaomba warudie. Mara ya kwanza hakuhisi kitu. Mara ya tatu akasema, "Kama paka anayekoroma," na Sikio akaitikia kwa kichwa.

Haikuwa kazi ya siku moja. Waliharibu nondo saba. Katika moja kisu kilisimama mapema mno na kazi ikachelewa, katika nyingine kiligeuka ghafla kikaacha alama kama pete, na ikabidi Injinia aandike upya namna ya kukigeuza taratibu huku kinasonga. Walibishana. Sikio akitaka kusisitiza jambo alikuwa anagonga meza, na Injinia, ambaye sauti yake ya maktaba haikumsaidia tena, akajifunza kupaza sauti hadi siku moja akajishtua mwenyewe. Niliwapa visu hadi kisanduku kikabaki na vitatu. Nondo ya nane ilitoka laini kutoka mwanzo hadi mwisho, inang'aa, unaweza kujitazama meno.

Msimamizi, tusimwonee, hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa amekwisha kuandika barua ya kumhamishia Sikio stoo, akae na mimi. Sikatai kwamba ningefurahi kupata mtu wa kuongea naye mchana kutwa. Sikio alimwendea ofisini na ile nondo begani, akailaza juu ya meza yake, juu ya ile barua, akamweleza habari ya masikio yake bila kupunguza wala kuongeza. Msimamizi alipitisha kidole juu ya chuma, kutoka huku hadi kule, akarudia. Barua hiyo sikuiona tena.

Badala yake tuliletewa wapimaji wa masikio na mitambo yao, tukaingia mmoja mmoja kwenye kibanda. Watu wanne zaidi walikutwa na upungufu, mmoja wao akiwa msimamizi mwenyewe, ambaye alikuwa akidai kwa miaka kwamba sisi ndio tunaonong'ona. Vizibo vya masikio vikawa lazima, na mimi ndiye niliyepewa kuvigawa. Ukija dirishani kwangu bila kizibo ulikuwa hupati kisu.

Sikio alipewa vifaa viwili vidogo vya kumsaidia kusikia, rangi ya ngozi. Siku ya kwanza alivivaa saa moja tu akavivua. Alisema dunia ilikuwa imejaa karatasi za plastiki zinazokunjwakunjwa. Alizoea pole pole, nyumbani na wakati wa chai. Kwenye mashine hakuvitumia. Pale alivaa vizibo kama sisi wengine, akavua glovu ya kulia.

Shafti zilitoka moja baada ya nyingine, na ya kumi na mbili ilimalizika Jumamosi kabla ya saa sita. Sikio alikuwa ameomba ruhusa mumewe aje. Mwalimu aliingia na shati lililopigwa pasi, akasalimia kila mtu kwa mkono, akavaa miwani ya kinga juu ya miwani yake ya kusomea, akazitazama zile shafti zilizopangwa kwenye mbao kama wanafunzi mstarini.

Sikio akampa maikromita, kile kipimo cha chuma chenye umbo la upinde, akamwonyesha namna ya kukibana kwenye shafti kwa ncha za vidole tu. Mwalimu akabana, akakiinua karibu na miwani zote mbili, akasoma. "Thelathini na tisa nukta nne tisa."

Injinia alitazama pembeni. Shafti ilitakiwa iwe na unene wa milimita arobaini, pungufu kwa unywele mmoja tu.

"Angalia mstari mdogo wa chini," alisema Sikio. "Umejitokeza au haujajitokeza?"

"Umejitokeza."

"Huo ni nusu milimita. Umeiacha."

"Miaka thelathini na mbili nimefundisha hesabu," alisema Mwalimu.

"Nakubali. Rudia, bila haraka."

Alirudia. Midomo yake ilikuwa inatembea akijumlisha, na Sikio alisubiri mikono nyuma, anamtazama usoni.

"Thelathini na tisa nukta tisa tisa," alisema.

"Vizuri," alisema Sikio. "Sasa hiyo ya pili."

Mwalimu akasogea kwenye shafti ya pili, akavuta mikono ya shati, akabana.